Mwongozo wa Kuchagua Mbinu ya Kufundisha Tahajia ya Kiswahili katika Madarasa ya Chini ya Shule ya Msingi

Walimu wengi wakiulizwa wanavyofundisha tahajia hujibu kwa neno moja tu, imla. Kila Ijumaa maneno kumi husomwa, madaftari hukusanywa, alama huandikwa kwa wino mwekundu, na mwanafunzi aliyepata manne huambiwa ayaandike yale sita aliyoyakosa mara ishirini ishirini. Utaratibu huo umezoeleka mno, hata ni wachache wanaojiuliza kama ndani yake mna ufundishaji wowote. Imla ni kipimo. Humwonyesha mwalimu mahali mtoto alipofika, lakini haimsogezi mtoto huyo hata kidogo iwapo hakuna kinachofanyika kati ya Ijumaa moja na nyingine. Mwongozo huu unahusu kazi ya kati hapo, yaani jinsi ya kuamua mbinu ipi itumike kwa kosa lipi na kwa mtoto yupi, katika Darasa la Kwanza hadi la Nne nchini Tanzania, au katika gredi zinazolingana na hizo nchini Kenya.

Kabla ya hatua zenyewe, ni vema kukumbuka sifa moja ya maandishi ya Kiswahili, kwa sababu uamuzi wote unaofuata unaitegemea. Maandishi yetu hufuata sauti kwa karibu sana. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, hakuna herufi inayoandikwa bila kutamkwa, na mtu anayelitamka neno kwa usahihi huwa amekwisha kuipata karibu tahajia yake yote. Ndiyo maana orodha ndefu za maneno ya kukaririwa, ambazo zina kazi kubwa katika somo la Kiingereza ambako neno kama "knife" huanza kwa herufi isiyosikika, hazina kazi kubwa hivyo katika somo la Kiswahili. Mtoto wa Kiswahili hana sababu ya kukariri "meza", "kikapu" wala "tutapika". Anachohitaji ni kuijua sauti, kuijua herufi yake, na kujua neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Kukariri kunabaki kwa kundi dogo la maneno, nalo tutalifikia.

Hatua ya kwanza: kusanya makosa kabla ya kuchagua mbinu

Andaa imla fupi ya uchunguzi ambayo haitatolewa alama. Sentensi zake zichaguliwe ili kila moja ibebe mitego kadhaa inayofahamika. Kwa Darasa la Tatu, sentensi kama hizi zinatosha:

Baba amechukua ng'ombe wetu na kondoo wa jirani.
Hapana, mwalimu hajui gharama ya karamu.
Dada alinunua dhahabu kwa fedha nyingi.
Mtoto si mgonjwa, lakini hali chakula.
Thelathini kati yetu tunaishi mbali na shule.

Kwa Darasa la Kwanza sentensi ni mzigo mzito, na silabi chache pamoja na maneno mafupi kama "taa", "nyoka", "mti" na "shuka" yatafaa zaidi. Wasomee sentensi nzima kwanza wakiwa wameweka kalamu chini, kisha isome tena kwa vipande vinavyoleta maana, na mwisho isome nzima ili wahakiki. Usilikate neno silabi kwa silabi unaposoma, kwa maana ukisema "a... me... chu... ku... a" utakuwa umemfanyia mtoto nusu ya kazi unayotaka kuipima, na wengine wataandika vipande hivyo hivyo vikiwa vimeachana.

Hapa kuna tahadhari ambayo haipendezi kusikika katika chumba cha walimu. Wako walimu wengi, tena hodari, ambao wenyewe hawatofautishi r na l, au huidondosha h wanapozungumza. Mwalimu anayesema "apana" hawezi kumtoza mtoto aliyeandika kile alichosikia. Kama unajijua kuwa na tabia hiyo, mwombe mwenzako akusomee imla ya uchunguzi. Jambo hilo halimpunguzii mwalimu hadhi, na litakuepusha kuhesabu kama makosa ya watoto yale ambayo ni matamshi yako.

Hatua ya pili: soma makosa, usiyahesabu

Tuchukue sentensi ya pili na tuone watoto wanavyoweza kuiandika. Wa kwanza ameandika: "Apana, mualimu ajui galama ya kalamu." Ukisahihisha kwa mazoea, maneno matano kati ya sita yana kosa, na mtoto ataonekana hajui kitu. Lakini ukiyatazama makosa yenyewe, "apana" na "ajui" ni kosa moja, yaani h haipo. "Mualimu" ni la pili, kwa kuwa hajui kwamba mu- mbele ya a huwa mw-. "Galama" limebeba mawili, gh iliyogeuka g na r iliyogeuka l, na hiyo r ndiyo iliyorudi tena katika "kalamu", neno ambalo halina kasoro yoyote isipokuwa kwamba si lile lililosomwa. Mtoto huyu ana matatizo manne, na matatu kati ya hayo yana asili moja: hasikii, au hatamki, tofauti ambazo maandishi yanazitaka.

Wa pili, katika sentensi ya kwanza, ameandika: "Baba ame chukuwa ngombe wetu nakondo wa jirani." Huyu anasikia vizuri kabisa. Herufi h, r na l hazimsumbui. Shida yake ni mipaka ya maneno, irabu zinazofuatana, na alama ya ritifaa katika ng'. Watoto hawa wawili wakipewa alama zinazolingana na kisha orodha moja ya masahihisho, mmoja wao au wote wawili watapoteza muda wao.

Kwa hiyo, unapopitia madaftari, panga makosa katika makundi manne. La kwanza ni la herufi ambayo mtoto hajaifahamu, kwa mfano anayeandika "s" mahali pa "sh" ilhali anatamka sh barabara. La pili ni la sauti ambazo mtoto hazitofautishi katika usemi wake. La tatu ni la irabu mbili, w na y. La nne ni la kutenganisha na kuunganisha maneno. Katika darasa la wanafunzi themanini au mia moja huwezi kumwandikia kila mmoja ripoti, na wala haihitajiki. Chora safu nne katika ukurasa wa daftari lako, andika jina la mtoto katika safu ambayo kosa lake linajirudia, na baada ya madaftari ishirini hivi utaanza kuliona darasa lote limekaaje.

Hatua ya tatu: kwa herufi isiyofahamika, rudi kwenye sauti na silabi

Kundi hili ni jepesi kuliko yote, na mbinu yake walimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wanaifahamu, kwa hiyo sitakawia hapa. Fundisha sauti ya herufi na si jina lake, kwa kuwa mtoto anayeambiwa "be" na "a" atakuwa na haki ya kuandika "bea". Anza na irabu, ziambatanishe na konsonanti zinazotokea mara nyingi kama m, k, t, b, l na n, na mara tu silabi chache zinapopatikana, waachie watoto waunde maneno yao wenyewe. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito vinafaa sana, kwa maana havichakai, havinunuliwi, na mtoto anaweza kukisogeza kizibo na kukibadilisha bila kuchafua daftari kwa kifutio.

Herufi za jozi, yaani ch, sh, ny, th, dh na gh, ziandikwe katika kizibo kimoja ili mtoto aone kwamba ni sauti moja. Konsonanti mwambatano kama mb, nd, nj, mw, kw na bw zifuate baadaye. Kwa m na n zinazosimama peke yake kama silabi, tumia kupiga makofi: m-to-to ni makofi matatu, n-chi ni mawili, lakini mbu-zi ni mawili tu. Mtoto anayeandika "mutoto" hupiga makofi matatu sawa na wenzake, kwa hiyo makofi peke yake hayatamsaidia. Mwambie aifunge midomo katika kofi la kwanza na asiifungue mpaka afike kwenye "to". Ile u haitapata pa kutokea.

Kwa ng', mwambie mtoto aivute sauti puani, "ng'ng'ng'", kisha amalizie kwa "ombe". Akilinganisha na "ngoma" atahisi mwenyewe kwamba katika "ngoma" kuna g inayopasuka kooni na katika "ng'ombe" haipo. Baada ya hapo ile ritifaa inakuwa na kazi anayoijua, naye haichukulii tena kama pambo la kuwekwa au kuachwa.

Hatua ya nne: kwa sauti zisizotofautishwa, pima sikio kwanza, kisha tumia sarufi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo mbinu ya kuandika neno mara ishirini inaposhindwa kabisa. Mtoto anayesikia "kura" na "kula" kama neno moja anaweza kuandika kila moja mara mia na kesho yake akachanganya tena, kwa sababu mkono umefanya mazoezi na sikio halikuguswa.

Makosa haya mara nyingi yana asili katika lugha ya nyumbani. Kikikuyu, kwa mfano, hakina l, ndiyo sababu mwalimu huitwa "mwarimu", na kina nd lakini hakina d tupu, ndiyo sababu "dawa" huja ikiwa "ndawa". Lugha nyingi za Kibantu hazina th, dh wala gh, na watoto wa huko huandika "samani", "zahabu" na "luga". Hata mzaliwa wa pwani hasalimiki: mtoto wa Mombasa anayezungumza Kimvita anasema "ndoo" kwa maana ya "njoo" na "kuteka" kwa maana ya "kucheka", na kwao hayo ni Kiswahili fasaha tangu mababu. Tahajia ya shule imejengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kazi ya kusanifisha maandishi ikafuata chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mweleze mtoto kwamba shuleni tunaandika hivi ili wote tuelewane, bila kumwambia kwamba nyumbani kwao wanakosea. Mtoto aliyeaibishwa kwa matamshi ya mama yake hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hafundishiki tahajia.

Pima sikio namna hii. Andika ubaoni jozi ya maneno, upande wa kushoto "kalamu" na upande wa kulia "karamu", na hakikisha maana zake zinajulikana. Ziba mdomo kwa daftari, tamka moja, na watoto wanyooshe mkono wa upande husika huku wamefumba macho ili wasiigane. Rudia kwa "mahali" na "mahari", "mbali" na "mbari", "hapa" na "apa", "thamani" na "zamani". Wanaonyoosha mkono sahihi lakini huandika vibaya wanahitaji mazoezi ya herufi tu, nao warudi hatua ya tatu. Wanaobahatisha ndio wanaohitaji mazoezi ya sikio, dakika tano kila siku, wakisikiliza na kuchagua kabla ya kuandika chochote.

Sikio huchelewa, na wapo ambao halitakamilika hata baada ya mwaka. Kwa hao sarufi ya Kiswahili inatoa msaada ambao, kwa maoni yangu, hautumiki inavyostahili. Chukua h. Mtoto asiyeisikia anaweza kufundishwa mahali inapokaa. Ukanushi wa kawaida wa kitenzi huanza kwa ha-, au hu- ninapomwambia mtu mmoja "hujui", isipokuwa pale ninapojizungumzia mimi mwenyewe na kusema "sijui": hajui, hatujui, hamjui, hawajui, hakuna, hapana. Viashiria vya karibu vyote huanza kwa h: huyu, hawa, hii, hizi, hiki, hivi, hili, haya, hapa, huku, humu. Kitendo cha mazoea huchukua hu-: baba hulima, mama hupika. Kwa kanuni tatu tu, sehemu kubwa ya h zinazodondoka katika maandishi ya watoto zimepatiwa mahali pake. Hata tofauti ya "ili" na "hili" inakaa hapo hapo, kwa kuwa "hili" huonyesha kitu, hili jani, hili tunda, na "ili" hufuatwa na kusudi, ili tusome.

Kwa r na l iko kanuni iliyo nzuri zaidi. Viambishi vya Kiswahili hutumia l wala havitumii r. Wakati uliopita ni -li-, kwa hiyo ni "alisoma", kamwe si "arisoma". Viashiria vya mbali huishia kwa -le: yule, wale, kile, pale. Maneno ya kumiliki ni langu, lako, lake, letu. Kauli ya kutendea hutoa -lia na -lea: chukulia, pokelea. Kwa hiyo r hupatikana katika mizizi ya maneno pekee, na mizizi hiyo inaweza kukusanywa katika bango ukutani na kuongezwa kila wiki: rafiki, barua, karatasi, habari, bahari, sukari, gari, barabara, jirani, furaha, rudi, robo. Mtoto akishajua kwamba katika "alirudi" l ni ya wakati na r ni ya neno lenyewe, ataandika sawa hata kama ulimi wake bado unasema "arirudi".

Lililobaki ni dh, th, gh na kh, na hapo ndipo orodha ya kukariri inapostahili. Sauti hizi hupatikana zaidi katika maneno yenye asili ya Kiarabu, hazimo katika viambishi, na maneno yanayotumika katika madarasa ya chini si mengi. Yapangwe kwa maana, si kwa alfabeti, ili yashikane kichwani: thelathini, themanini na theluthi yakae pamoja kwa kuwa yanahusu hesabu, fedha, dhahabu, thamani, gharama na ghali yakae pamoja kwa kuwa yanahusu mali, hadithi, methali na lugha yakae pamoja kwa kuwa yanahusu maneno. Matano kwa wiki yanatosha. Mtoto alitazame neno, alitamke, alifunike, aliandike kwa kumbukumbu, kisha alifunue na kulinganisha herufi kwa herufi. Kulifunika ndiko kunakolifanya zoezi kuwa zoezi, kwa maana anayenakili huku neno liko mbele yake anatumia macho na mkono tu, na kumbukumbu haijatakiwa kufanya lolote. Maneno ya wiki hii yarudiwe wiki ijayo, na tena baada ya mwezi, hata kama yote yalipatikana.

Hatua ya tano: kwa irabu mbili, w na y, tumia neno lenye nguvu na urefushaji

Irabu mbili zinazofanana hufundishwa kwa maneno ambayo kosa lake linabadilisha maana waziwazi. "Kufa" na "kufaa" huwafanya watoto wakumbuke kwa kicheko: "Kitabu hiki kinafa" ni sentensi ambayo darasa zima litataka kuijadili. "Kata" na "kataa" pia ni jozi nzuri. Kwa "kondoo", "taa", "saa", "juu" na "choo", makofi yanatosha, kila irabu na kofi lake.

Suala la "chukua" na "chukuwa" ni gumu zaidi, kwa kuwa midomo inapotoka u kwenda a hupita kwenye w, na mtoto anayeandika "chukuwa" au "sikiya" anaandika kile alichokisikia kwa uaminifu. Mbinu inayofaa ni kulirefusha neno. Chukua hutoa chukulia, na w haionekani. Sikia hutoa sikiliza, na y haionekani. Kwa hiyo hazikuwemo. Lakini elewa hutoa eleweka, na chelewa hutoa chelewesha, w ikiwa bado imesimama, kwa hiyo ni mali ya neno. Kuanzia Darasa la Tatu watoto wanaliweza zoezi hili, na hulifurahia kwa sababu linawapa namna ya kuamua wenyewe bila kumwuliza mwalimu. "Kuwa" lifundishwe peke yake pamoja na "kukua" na "kuua", kila moja katika sentensi, kwa maana "nataka kua daktari" huandikwa hata na watu wazima wenye shahada.

Hatua ya sita: kwa mipaka ya maneno, tumia jaribio la kuchomeka

Kosa la "ame chukua" na "nakondoo" halitokani na sauti, kwa kuwa tunapozungumza hakuna nafasi kati ya maneno. Kwa hiyo usilitibu kwa imla wala kwa matamshi. Mtoto anahitaji jaribio analoweza kulifanya mwenyewe, na lipo moja linalofanya kazi vizuri sana: je, neno lingine linaweza kuchomekwa katikati? Katika "kitabu cha mtoto" unaweza kusema "kitabu cha yule mtoto", kwa hiyo "cha" linasimama peke yake. Katika "na kondoo" unaweza kusema "na yule kondoo", kwa hiyo "na" linasimama peke yake. Katika "anasoma" hakuna neno linaloingia kati ya "a" na "na", wala kati ya "na" na "soma", kwa hiyo yote ni neno moja. Jaribio hilo hilo hutenganisha "ana kitabu", ambapo "ana hiki kitabu" inawezekana, na "anakula", ambapo haiwezekani. Hutenganisha pia "si mgonjwa" na "sisomi".

Kabla ya jaribio hilo, katika Darasa la Pili, jenga vitenzi kwa kadi za maboksi: kadi za nafsi (ni, u, a, tu, m, wa), kadi za wakati (na, li, ta, me), na kadi za kitendo (soma, cheza, lala). Watoto watatu wasimame mbele ya darasa na kadi zao wakiwa wameshikana mikono, wa-ta-cheza, na wenzao walisome neno kwa sauti. Akija wa nne na kadi ya "mpira", yeye asishikwe mkono, asimame hatua moja kando. Nafasi ile wanayoiona kati ya watoto ndiyo nafasi watakayoiacha daftarini.

Hatua ya saba: panga muda, kisha irudishe imla mahali pake

Dakika kumi na tano kila siku zina faida kuliko kipindi kizima mara moja kwa wiki. Katika andalio la somo, kila siku ishughulikie kundi moja la kosa kwa darasa zima, na dakika tano za mwisho watoto waandike sentensi mbili zao wenyewe zinazotumia kilichofundishwa, kwa kuwa tahajia iliyo sahihi katika orodha lakini yenye makosa katika insha bado haijashikwa. Unaposahihisha insha, weka alama kwenye makosa ya kundi la wiki hiyo tu. Ukurasa uliojaa wino mwekundu haumwambii mtoto aanzie wapi, na fimbo kwa ajili ya herufi iliyosahaulika haijawahi kufundisha sikio kusikia.

Imla ibaki, lakini kila baada ya wiki mbili hivi, na watoto wasahihishe wenyewe kwa kulinganisha na ubao, wakipigia mstari herufi iliyokosewa badala ya neno zima. Madaftari yakibadilishwa na jirani, kazi ya kusahihisha hupungua na macho ya kuona kosa hukua, maana mtoto huona haraka zaidi kosa la mwenzake kuliko lake.

Mahali ambapo darasa hilo hilo linajifunza pia Kiingereza, somo hilo liwe na daftari lake na siku zake za orodha. Watoto wa shule za Kiingereza huandika "c" mahali pa "k", au "ee" mahali pa "i", kwa kuwa kanuni za lugha moja zimevuka kwenda nyingine. Makosa hayo yaingizwe katika kundi la kwanza, na watoto wakumbushwe kwamba katika Kiswahili c haiandikwi bila h.

Baada ya wiki sita, soma tena zile sentensi tano za uchunguzi, zilezile bila kubadilisha neno, na uweke safu zako nne mpya kando ya zile za mwanzo. Usitazame jumla ya makosa. Tazama safu moja moja. Safu iliyopungua mbinu yake imefanya kazi na sasa ipewe siku moja tu ya marudio kwa wiki. Safu iliyobaki vilevile ibadilishiwe mbinu: kama ni ya r na l na umekuwa ukitumia mazoezi ya sikio peke yake, ongeza kanuni ya viambishi na bango la mizizi, kama ni ya mipaka ya maneno na umekuwa ukitumia imla, iache imla na ushike kadi. Watoto wachache ambao safu zao zote nne hazijasogea wapimwe masikio na macho kabla ya kupewa mazoezi mengine, na mzazi aitwe kwa ajili hiyo mapema, muhula ungali mbichi.